Kapibara kahariri malipo ya korosho: uzi wa folda, linki na faili la nani

Karani wa Ghala

Wanajamvi, habari za asubuhi. Naandika nikiwa Masasi, bando ni la usiku na linaelekea ukingoni, kwa hiyo nikikatika katikati mnisamehe.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Jina la chama liko kapuni, msiniulize. Wanaoijua kazi yetu wanajua mzunguko wake: mkulima analeta magunia, zinapimwa, zinapangwa daraja, anaandikiwa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu kusubiri mnada, mnunuzi akilipa pesa inashuka mpaka inaingia benki kwenye akaunti ya mkulima. Kila hatua ina karatasi yake. Karani aliyenitangulia, kijana mwenye akili sana na simpakazii, aliamua karatasi zote zipigwe picha ziwekwe Google Drive, ile hifadhi ya mafaili ya mtandaoni. Folda moja kubwa ya chama, ndani yake folda za misimu, ndani ya kila msimu kuna stakabadhi, malipo, salfa (dawa ya mikorosho) na mihtasari ya vikao. Ukiiangalia unasema kweli hawa watu wamejipanga.

Sasa sikilizeni. Siku moja tunaandaa malipo, mhasibu ananiita, "Karani, hebu njoo." Nafika, ananionyesha pembe ya juu ya jedwali. Kuna kaduara kana picha ya mnyama, ukisogeza mshale pale inatokea kwamba ni kapibara asiyejulikana, ndilo jina la mnyama ambalo Google inambandika mtu aliyeingia kwa linki bila kutambulika. Mzee mmoja wa bodi akauliza kama hilo ndilo jina la kompyuta. Tukawa tunamtazama yule kapibara anashuka mstari kwa mstari kama mtu anayetafuta jina lake ukutani. Akafika kwa mkulima mmoja akatulia. Kilo 412 zikageuka 4112.

Ofisi nzima ikawa kimya. Mzee akasema tu, "Haya mambo."

Hakuwa mwizi. Kesho yake mkulima mwenyewe alikuja akicheka kwa aibu, kwamba mjukuu alikuwa ameshika simu, babu akamwambia amtafutie kilo zake, mtoto akagusa akaongeza moja. Lakini nikajiuliza, na angekuwa mwizi je? Na asingefanya mchana tukiwa tumekaa tunaangalia?

Kumbe karani wa zamani aliweka linki ya ile folda KUBWA kwenye grupu la WhatsApp la wanachama, watu zaidi ya mia tatu. Na alipoiweka alichagua yeyote mwenye linki aingie, tena aingie kama mhariri. Nia yake watu wasiwe wanapanga foleni ofisini kuuliza kilo. Ila ruhusa ukiiweka juu inateremka mpaka chini, ni kama mvua ikinyesha Newala juu kule, huwezi kuyaambia maji yasifike bondeni. Aliyepewa folda kubwa kapewa misimu yote, malipo yote, namba za akaunti za benki za watu wote, na muhtasari wa kile kikao ambacho wajumbe walitukanana.

Linki nimeifunga siku ile ile. Hapo ndipo nikakutana na tatizo la pili, ambalo ndilo limenileta hapa. Folda ya stakabadhi za msimu wa kwanza iko tupu. Nimempigia kijana, yuko Liwale siku hizi, akaniambia kwa roho nyeupe, "Kaka, Gmail ilinijaa nikashindwa hata kupokea barua pepe, nikafuta vitu vikubwa vikubwa." Vitu vikubwa vikubwa ndiyo stakabadhi zetu. Amefuta kwake, zimepotea kwetu. Inakuwaje faili liko kwenye folda ya chama halafu mtu alifute akiwa Liwale?

Naomba wenye ujuzi mnisaidie. Dawa ni nini?

Bibo Chachu

Kapibara 😂😂 Uraka umenipalia. Mkuu hiyo 4112 mngelipa ningekuja kujiandikisha chama chenu leo leo.

Fundi wa Shangani

Karani, pole. Nafanya kazi hizi hapa Mtwara mjini, na kwa kila ofisi tano ninazoingia, karibu zote zina ugonjwa huo huo. Nianze na la pili maana ndilo zito, la linki umeshalitibu nusu.

Folda ya Drive ya kawaida si kabati. Kabati ukiweka karatasi ndani, karatasi ni ya mwenye kabati. Drive ya akaunti za bure haiko hivyo, aliyelitengeneza faili au aliyelipandisha ndiye mmiliki wake, hata kama amelipandisha ndani ya folda yako. Wewe ukimpa mtu uhariri kwenye folda yako akaweka picha mia mbili, picha mia mbili ni zake, na zinakula nafasi yake yeye. Ile GB 15 ya bure inagawanywa na Gmail, Drive na Google Photos kwa pamoja, na siku hizi hata hifadhi ya WhatsApp ya simu za Android inakula humo humo. Ndiyo maana kijana alijaa. Ikijaa, barua pepe haziingii, mtu anachanganyikiwa anaanza kufuta kwa kuangalia ukubwa. Skani za stakabadhi ndizo huwa kubwa kuliko vyote.

Alipofuta zilikwenda kwanza kwenye pipa la taka, na pale zinakaa siku 30. Ndani ya siku hizo yeye mwenyewe anaweza kuzirudisha. Zikipita, zinafutika kabisa na kwako zinatoweka. Amefuta lini? Kama ni juzi, mpigie SASA HIVI kabla hujamaliza kusoma huu uzi.

Karani wa Ghala

Amefuta kabla ya mwezi wa Ramadhani. Imekula kwetu.

Fundi wa Shangani

Basi hizo zihesabu zimekwenda. Okoa zilizobaki.

Fungua akaunti moja ya ofisi, si ya karani wala ya mwenyekiti. Halafu kijana akiwa kwenye kompyuta aingie kwenye akaunti yake, aende kwenye faili, aipe akaunti ya ofisi uhariri, kisha aichague iwe mmiliki. Akaunti ya ofisi itapata barua pepe, ikikubali ndipo umiliki unahama. Isipokubali hakuna kilichofanyika, na hapo ndipo wengi wanakwama, wanadhani kazi imekwisha kumbe barua imelala kwenye sanduku.

Na zingatia hili: ukihamisha umiliki wa FOLDA, mafaili yaliyomo ndani hayahami nayo. Nimeona chama kimoja kinasherehekea folda imekuwa yao, vilivyomo vyote bado vya mtu aliyehamia Dar. Ili ujue vya kwake ni vipi, andika kwenye kisanduku cha kutafutia neno owner, nukta mbili, halafu anwani yake bila kuacha nafasi. Vitajipanga vyote.

Akikataa au akiwa hapatikani lakini bado unayaona mafaili, tengeneza nakala. Nakala ni ya aliyeitengeneza. Utapoteza historia ya mabadiliko ya zamani, lakini bora nakala kuliko folda tupu.

Salfa ya Unga

Ndiyo maana mimi nasema daftari. Daftari halijai, halina kapibara, halimfuati mtu Liwale. Mei 2024 kebo za intaneti za baharini zilipokatika mlikuwa wapi na madrive yenu? Sisi tuliendelea kuandika.

Bibo Chachu

Daftari halina kapibara ila lina mende na karani mwenye kalamu mbili.

Karani wa Ghala

Mzee Salfa, shikamoo. Daftari tunalo na hatuliachi. Ila msimu uliopita daftari la zamu ya jioni lililoweshwa na mvua, namba zikawa bluu moja ndefu. Nataka vyote viwili.

Salfa ya Unga

Marahaba. Vyote viwili sawa, hapo nimekuelewa. Kuna jamaa zangu walitupa madaftari kabisa.

Mama Ming'oko

Jamani mnaongea kitaalamu. Mimi nina kikundi cha kuweka na kukopa, akina mama 25, tuko Mikindani. Mhazini anaandika hisa kwenye jedwali la simu, nataka wote waone ila asiguse mtu. Wengi wana vile visimu vidogo vya kioo. Nifanyeje? Na nikiwapa linki si ndiyo yatanikuta ya kapibara?

Fundi wa Shangani

Dada, kapibara hakuja kwa sababu ya linki peke yake. Alikuja kwa sababu linki ilimpa uhariri. Kuna ngazi chache tu. Mtazamaji anaona basi. Mtoa maoni anaona na anaweza kuacha neno pembeni, namba haigusi. Mhariri anabadili, anafuta, anaongeza, na usipozuia anaweza hata kumwalika mtu mwingine. Halafu mmiliki, ambaye ndiye mwenye mali. Wako wape utazamaji, mhazini na wewe mbaki wahariri.

Ila kwa watu 25 wa fedha mimi ningeacha linki ya wazi kabisa. Waongeze mmoja mmoja kwa anwani zao za Gmail. Kama visimu vyao ni vya Android, ina maana karibu wote wana Gmail hata kama hawajui, waliifungua siku ya kununua simu. Kaeni kwenye kikao, kila mtu afungue aisome anwani yake, uiandike. Kazi ya nusu saa. Hapo linki ikipotea ikafika kwa jirani, jirani anagonga mlango haufunguki.

Mama Ming'oko

Nusu saa? Wewe hujawahi kukaa kikao na sisi. Asante lakini, Jumapili tunaifanya.

Mwalimu wa Kilwa

Mlango usiofunguka nao una hadithi yake. Mtu akikosa ruhusa, pale anapewa kitufe cha kuomba, na ombi linakuja kwako kama barua pepe. Nilikuwa na folda ya alama za wanafunzi, nimeifunga vizuri kabisa, najiona mjanja. Usiku saa tano nimechoka, linaingia ombi, jina naliona kama la mwalimu mwenzangu wa taaluma, nakubali kwa kidole gumba nikiwa kitandani. Asubuhi namsalimia, "Umeona zile alama?" Ananiambia alama zipi, hakuomba chochote. Alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, kajifungulia Gmail yenye jina la mwalimu.

Kwa bahati nilimpa utazamaji. Angetaka uhariri nadhani ningempa pia usiku ule. Tangu hapo sikubali ombi lolote mpaka nimpigie mwombaji kwenye namba yake ninayoijua. Simu ya nusu dakika.

Bibo Chachu

Huyo mwanafunzi mpeni kazi TEHAMA.

Mwalimu wa Kilwa

Alipewa kazi ya kufyeka kwanza.

Dada Mkaguzi

Nimesoma toka juu. Karani, unaongelea kapibara aliyebadili namba, lakini mimi kinachonitisha ni wale mia tatu ambao hawakubadili kitu, walisoma tu. Majina, namba za akaunti za benki, kiasi kilichoingia na lini. Mtu mwenye nia mbaya anajua siku ipi mzee gani ana milioni ngapi, na kijiji anakijua. Kwa nini awe na haja ya kuhariri?

Hizo ni taarifa binafsi. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume ya kuisimamia. Chama kinakusanya taarifa za watu, kwa hiyo chama kina wajibu wa kuzilinda. Hoja kwamba karani wa zamani ndiye aliyefungua haitawasaidia.

Halafu umesema linki umeifunga. Vizuri, aliyekuwa anaingia kwa linki haingii tena. Ila aliyepakua tayari anayo kwenye simu yake, na aliyepiga picha ya skrini hivyo hivyo. Kufunga hakurudishi kilichotoka. Ningekuwa kwenye bodi ningewaambia wanachama ukweli: karatasi hii ilikuwa wazi tangu lini mpaka lini, jihadharini na simu za watu wanaojifanya benki.

Karani wa Ghala

Dada hapo umenigusa. Kusema kweli sikuwa nimelifikiria upande huo, nilikuwa nawaza kilo tu. Sasa wakulima wanataka kuona kilo zao na ni haki yao. Nikifunga kila kitu watarudi kupanga foleni dirishani, na maneno yataanza kwamba ofisi inaficha. Huku kwetu neno hilo likianza halizimiki.

Dada Mkaguzi

Usifunge, tenganisha. Tengeneza faili jingine kabisa lenye namba ya stakabadhi, daraja na kilo basi. Hakuna jina, hakuna benki. Mkulima stakabadhi anayo mkononi, ataitafuta namba yake. Hilo ndilo ulipe linki ya utazamaji, na liweke NJE ya folda kubwa. La malipo kamili liwe kwenye folda yake, watu watatu au wanne kwa majina.

Msipange folda kwa msimu halafu ndani mkachanganya kila kitu, ndipo mnapojifunga. Pangeni kwa anayeruhusiwa kuona. Folda ya wanachama wote, folda ya bodi, folda ya uhasibu. Misimu ikae ndani ya hizo. Maji ya Newala uliyoyataja yatashuka bado, ila kila bonde litapata maji yake.

Fundi wa Shangani

Nakazia hapo. Na kwa kuwa bodi inabadilika kila uchaguzi, tengeneza kundi la Google Groups, anwani moja ya bodi. Folda unaipa hiyo anwani moja. Mjumbe akitoka unamtoa kwenye kundi, akiingia mpya unamwingiza, folda huigusi. La sivyo utakuja kukuta mjumbe wa miaka sita iliyopita bado anasoma mihtasari.

Kwenye dirisha la kushirikisha kuna alama ya gia juu. Pale unawanyima wahariri uwezo wa kualika wengine, na unaweza kuwanyima watazamaji kupakua na kuchapa. Hiyo ya pili usiitegemee sana, picha ya skrini haizuiwi na gia.

Siku mkiwa na uwezo wa kulipia akaunti za taasisi, kuna aina ya hifadhi ambayo faili linakuwa mali ya taasisi toka linapopandishwa, karani akiondoka linabaki. Hiyo ndiyo inayofanana na kabati.

Salfa ya Unga

Swali la mshamba. Hiyo akaunti ya ofisi, paswedi anakaa nayo nani? Maana ukimpa mwenyekiti, mwenyekiti anampa mwanawe.

Fundi wa Shangani

Mzee wangu, hilo si swali la mshamba, hapo ndipo wengi wanaangukia. Paswedi wapewe watu wawili tu. Washa uthibitisho wa hatua mbili, ili paswedi peke yake isitoshe. Google inakupa namba 10 za akiba, kila moja inatumika mara moja, zichapeni mzitie kwenye bahasha ndani ya kasiki pamoja na mihuri. Laini ya simu iliyosajiliwa humo iwe ya chama, isiwe ya mtu. Wengine wote wanaingia kwa akaunti zao wenyewe kama wahariri au watazamaji, kwa sababu watu sita wakitumia paswedi moja, historia ya mabadiliko itaandika jina moja na hamtajua nani kafanya nini.

Karani, hiyo historia mliitumia siku ya kapibara?

Karani wa Ghala

Hapana, tuliandika 412 upya kwa mkono tukakimbilia kufunga linki.

Fundi wa Shangani

Ifungue. Bonyeza kisanduku kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua historia ya mabadiliko, utaona nani alibadili, lini, kutoka namba ipi kwenda ipi. Pitia malipo yote ambayo hayajatoka. Mnyama mmoja mlimwona kwa sababu mlikuwa mmekaa pale.

*(siku tisa baadaye)*

Karani wa Ghala

Wadau nimerudi, samahani kwa kimya, tulikuwa mnadani.

Tumepitia historia. Kuna visanduku vingine viwili viliguswa na wasiojulikana, kimoja jina la mtu lilifutwa herufi, kingine mtu aliandika "mambo". Kilo hazikuguswa tena, nimelala usingizi.

Kijana wa Liwale kaja mwenyewe Ijumaa, kapanda gari alfajiri, hatukumlipa zaidi ya nauli na chakula. Alikaa kwenye kompyuta mpaka saa kumi akihamisha faili moja moja, mimi upande wa pili nakubali. Yamebaki machache tutamalizia kwa nakala. Alikuwa anaomba radhi kila baada ya dakika kumi mpaka mhasibu akamwambia anyamaze ale.

Stakabadhi za msimu wa kwanza tunazipiga picha upya. Karatasi zilikuwa kwenye maboksi mawili stoo. Boksi moja zima, jingine mchwa wamefika mpaka katikati. Mzee Salfa usiseme kitu.

Bodi imekubali kuwatangazia wanachama kuhusu zile namba za benki, ingawa ilibishaniwa sana na kuna mjumbe alitoka nje. Tangazo limesomwa Jumamosi. Faili la namba za stakabadhi liko hewani, utazamaji tu, na kwa mara ya kwanza dirishani kwangu kuna nafasi ya kupita upepo.

Salfa ya Unga

Sijasema kitu. Ila mchwa nao ni wahariri.

Mama Ming'oko

Sisi tumefanya Jumapili. Imechukua saa tatu na nusu, si nusu saa. Wawili wamekutwa na Gmail za waliowauzia simu.

Bibo Chachu

Na kapibara mlimfanyaje?

Karani wa Ghala

Kalipwa kilo 412.